Kwenda Nkombo: Mlima Haudanganywi

Katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, pale ambapo Ziwa Kivu hupungua upana na kuanza kujimimina katika mto Rusizi, kipo kisiwa kiitwacho Nkombo. Kiko katika wilaya ya Rusizi, nchi ambayo hadi mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 ilijulikana kwa jina la Cyangugu. Wakazi wake ni wavuvi na wakulima. Husema Kinyarwanda kama wananchi wenzao wa bara, lakini majumbani mwao husikika pia Kihavu, lugha ya jamaa zao wa kisiwa kikubwa cha Idjwi kilicho upande wa Kongo.

Mgeni atokaye Kigali hudhani kwamba sehemu ngumu ya safari hiyo ni kipande cha mwisho, yaani kuvuka maji. Sivyo. Ziwa likitulia, boti huteleza kama kisu katika siagi. Sehemu ngumu ni mlima. Bati, katoni ya dawa au gunia la unga litokalo mashariki ya nchi kwenda kisiwani, kwanza hupakiwa katika lori, likapandishwa katika msitu wa Nyungwe, likateremshwa upande wa pili hadi mji wa Kamembe, ndipo liguse maji. Na katika lori hilo kipo chombo kimoja kinachobeba taabu yote ya kupanda na kushuka, ambacho hakionekani, hakipigi kelele kama injini, wala hakikumbukwi mpaka siku kinapogoma. Chombo hicho ni giaboksi.

Madereva wa majeshi, wa polisi na wa idara za serikali wanaijua vizuri injini. Asubuhi hufungua boneti, hupima oili na kutazama maji ya rejeta. Lakini giaboksi, ambayo ndiyo inayoipokea nguvu ya injini na kuifikisha kwenye magurudumu, mara nyingi huachwa miezi na miaka bila hata kuchunguliwa. Adui yake mkubwa ni mmoja tu, nalo ni joto. Na njia ya kwenda Nkombo ni darasa zuri la kumjua adui huyo, kwa sababu mlima haudanganywi: dereva aliyetia oili isiyofaa, au aliyetia kidogo, au aliyekwenda pupa, hupata majibu kabla ya kufika kileleni.

KUPANDA NYUNGWE

Mji wa Huye, uliokuwa ukiitwa Butare, uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara huelekea magharibi, ikapita Nyamagabe, ikafika Kitabi penye mashamba ya chai, kisha ikaingia msituni. Nyungwe ni msitu wa milimani wenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Ulifanywa hifadhi tangu mwaka 1933, ukapewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, na mwaka 2023 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Humo ndimo unamopita mgongo unaoyagawa maji ya Afrika: mvua inyeshayo upande mmoja hutiririka kwenda mto Nile, na inyeshayo upande wa pili huishia katika mto Kongo.

Huko Uwinka, ndani ya msitu, barabara iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,450. Kwa hiyo lori lililotoka Huye limepandisha mzigo wake mita 700 na zaidi, na mbele yake kuna mteremko wa mita 1,000 hivi hadi ufukwe wa Kivu, ulio kwenye mita 1,460. Kona hufuatana, ukungu hushuka ghafla, na mvua si jambo la ajabu. Hewa ni ya baridi, na ubaridi huo ndio unaowahadaa madereva wengi. Husema moyoni, “Nje kuna baridi, gari haliwezi kuchemka.” Kumbe joto la giaboksi halitoki nje, huzaliwa ndani.

Yafaa kueleza jinsi linavyozaliwa. Katika giaboksi ya kawaida, ile ya kukanyaga klachi, meno ya gia husukumana chuma kwa chuma, na katikati yake hukaa utando mwembamba wa oili. Kusukumana huko huleta joto kiasi, ambalo oili hulichukua na kulipeleka kwenye kuta za giaboksi, na upepo upitao chini ya gari hulimaliza. Kadiri mzigo unavyokuwa mzito na mwendo unavyokuwa mdogo, ndivyo joto linavyozidi na upepo unavyopungua.

Giaboksi ya otomatiki ina tabia nyingine. Badala ya klachi ina chombo cha mviringo ambacho mafundi hukiita konveta. Ndani yake kuna mapanga mawili yanayotazamana. Moja huzungushwa na injini na kuyarusha mafuta. La pili husukumwa na mafuta hayo na kuizungusha giaboksi. Hakuna chuma kinachoshikana na chuma katika kazi hiyo. Jambo hilo hulifanya lori liondoke polepole bila kushtuka hata katika tope, lakini lina gharama yake. Panga la kwanza linapozunguka kwa nguvu na la pili likawa linajikokota, tofauti hiyo yote hugeuka kuwa joto katika mafuta. Ikiwa lori limekwama kabisa na dereva bado amekanyaga moto, basi nguvu yote ya injini inayachemsha mafuta na hakuna hata chembe inayokwenda kwenye magurudumu. Ndiyo sababu vitabu vya mafundi huonya kwamba jaribio la namna hiyo gereji lisizidi sekunde chache.

Mafuta ya giaboksi ya otomatiki hufanya kazi yake vizuri yakiwa na joto la nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Mafundi wanayo kanuni ya kukadiria: kila joto linapozidi kwa nyuzi 10 hivi juu ya kiwango hicho, umri wa mafuta hupungua kwa nusu. Yakifika karibu nyuzi 115, huanza kuacha utando mgumu kama vanishi ndani ya vijia vyembamba. Yakizidi 125, mipira ya kuzuia uvujaji huanza kukakamaa. Yakipita 145, sahani za klachi za ndani huanza kuteleza, na kuteleza kwenyewe huleta joto jingine. Hapo tena gari halina dawa ila kusimama.

MAFUTA YA NAMNA GANI?

Swali hili huulizwa katika kila duka la vipuri, na majibu yake mengi ni ya kubahatisha. Muuzaji husema, “Tia hii nzito, yafaa mlimani.” Mwingine husema, “Hii nyekundu ni haidroliki, huingia gari lolote.” Wote wawili wanaweza kumponza mnunuzi.

Jibu sahihi ni moja. Mafuta yafaayo ni yale yaliyoandikwa na mtengenezaji wa giaboksi katika kitabu cha gari, au yaliyochorwa juu ya kibati kilichogongomewa ubavuni mwa giaboksi yenyewe. Si mazito kuliko yote, wala si ghali kuliko yote.

Kwa giaboksi za klachi, mafuta huwa na alama mbili. Ya kwanza ni ya uzito, mfano SAE 80W-90 au 75W-90. Watu wengi hudhani kwamba oili ya gia ya 90 ni nzito mara mbili kuliko oili ya injini ya 40. Huko ni kupotoka, kwani mizani hizo mbili ni tofauti: oili ya gia ya 90 hukaribiana kwa uzito na oili ya injini ya 40 au 50. Ndiyo maana watengenezaji wengine huagiza oili ya injini katika giaboksi za malori yao, na wengine huagiza hata ile nyekundu ya otomatiki.

Alama ya pili ni ya nguvu ya dawa zilizochanganywa, ambayo huwekwa na Taasisi ya Petroli ya Marekani: GL-4 na GL-5. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za kuhimili mkandamizo, nayo hufaa sana katika difu. Kwa hiyo dereva hufikiri, kama ni bora kwa difu, kwa nini isiwe bora kwa giaboksi? Jawabu ni kwamba giaboksi nyingi za klachi zina pete za shaba ya njano zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza, na dawa kali za GL-5 nyingi huweza kuila shaba hiyo. Gari halitaharibika siku hiyo wala mwezi huo. Litaanza kulia gia zinapoingizwa, na lawama watatupiwa madereva.

Kwa giaboksi za otomatiki habari ni ndefu zaidi. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliziingiza sokoni giaboksi za Hydra-Matic mwaka 1939, na katika Vita Kuu ya Pili giaboksi hizo zilifungwa katika kifaru chepesi cha M5. Kwa hiyo otomatiki ilipigana vita kabla ya kuenea katika magari ya familia. Mwaka 1949 kampuni hiyo ilitoa kipimo chake cha kwanza cha mafuta, kikafuatwa na Dexron katika miaka ya 1960, na Dexron VI mwaka 2005. Ford nao walikuwa na aina yao, kisha Mercon. Toyota na Nissan wana zao. Allison, ambao giaboksi zao zimo katika malori mengi ya kijeshi, nao huandika vipimo vyao wenyewe.

Sababu ya wingi huo si biashara tupu. Sahani za klachi zilizomo ndani ya otomatiki hulowa katika mafuta hayo hayo, na mafuta ndiyo yanayoamua zishikane kwa ukali au kwa upole. Zamani upole huo ulitokana na mafuta ya nyangumi. Marekani ilipoipiga marufuku biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kumnusuru mnyama huyo asitoweke, wataalamu walilazimika kutafuta dawa nyingine za maabara. Kuchanganya mafuta ya aina mbili kwa sababu tu rangi zake zafanana ni sawa na kuchanganya chumvi na sukari kwa sababu zote mbili ni nyeupe. Rangi nyekundu hutiwa ili uvujaji utambulike. Haielezi ubora wala aina.

KUSHUKA KUELEKEA ZIWANI

Baada ya Uwinka barabara huanza kuteremka, ikatoka msituni penye chai ya Gisakura, ikapita Ntendezi inapokutana na ile itokayo Karongi, na hatimaye Kivu huonekana mbali chini, buluu, na visiwa vyake vikiwa kama ng'ombe waliolala. Hapo ndipo penye kishawishi. Dereva aliyechoka hutaka kuokoa mafuta ya dizeli, akaweka gia huru na kuliachia lori lijiendee.

Tendo hilo ni baya mara mbili. Kwanza, injini haisaidii tena kuzuia gari. Mzigo wote huangukia breki, na breki zilizoungua hazishiki. Pili, giaboksi nyingi za otomatiki hupata mafuta kutoka pampu inayoendeshwa na injini. Injini ikiwa inanguruma kwa chini huku magurudumu yakizunguka kwa kasi, sehemu za nyuma za giaboksi huzunguka kwa haraka ilhali mafuta yanayozifikia ni machache. Kanuni ya wazee wa usukani ni ile ile kwa magari yote: gia ya kushukia mlima iwe ile ile ambayo ingelipandisha gari hilo.

Kwa sababu hiyo hiyo ya pampu, lori la otomatiki lililozimika haliburutwi kwa kamba kilomita nyingi magurudumu yake yakigusa chini. Propela shafti hufunguliwa kwanza, au magurudumu yanayoendesha huinuliwa. Askari aliyelivuta lori bovu mpaka kambini bila kufanya hivyo, huenda alikwenda kuokoa gari lenye kasoro ya injini akarudi na gari lenye kasoro mbili.

Ama kuhusu kupanda, dereva mwenye busara hapandi kwa gia kubwa huku gari likijikokota. Hushusha gia mapema. Penye njia za udongo, mfano zile zinazoiacha lami kwenda vijijini, huingiza gia ya nguvu ya magurudumu yote ilhali bado amesimama mahali pakavu. Gia hiyo huipunguzia konveta mzigo: injini huzunguka, magurudumu huvuta polepole, na mafuta hayachemki. Kijoto cha giaboksi kikipanda, au harufu ya kuungua ikisikika, asizime injini mara moja. Asimame mahali salama, aweke gia huru, avute breki ya mkono, kisha aiache injini inguruma kwa kasi ya wastani kwa dakika chache. Kwa kufanya hivyo pampu huyapeleka mafuta kwenye kipoza, nayo hurudi yakiwa yamepoa.

Kipoza hicho ni nini? Katika magari mengi ni bomba lililolazwa ndani ya tangi la rejeta, ambamo maji ya rejeta huyatuliza mafuta. Magari ya kazi nzito huongezewa kipoza cha pili mbele ya rejeta, chenye mapezi membamba yanayopigwa na upepo. Kikifungwa, kifungwe mahali pa upepo na si nyuma ya jerikeni wala gurudumu la akiba. Na tope likijaa katika mapezi, hata kipoza kikubwa huwa ni blanketi. Lioshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuelekea nje, ili uchafu utoke ulikoingilia. Vivyo hivyo kwa giaboksi ya klachi: haina kipoza ila kuta zake, hivyo ganda la udongo lililokauka juu yake likwanguliwe.

UFUKWENI

Kamembe ni mji wa mpakani, na ng'ambo yake ni Bukavu ya Kongo. Sokoni, Kiswahili husikika sana kwa sababu ya biashara ya pande mbili, na mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria iliyokifanya kuwa lugha rasmi ya nchi. Kusini zaidi, barabara hushuka hadi bonde la Bugarama, penye mpunga na kiwanda cha saruji, ambako nchi iko chini ya mita 1,000 na joto ni kali. Lori la saruji linalopanda kutoka huko kwenda Kamembe hufanya kazi inayofanana na ile ya Nyungwe, na halina hata msaada wa ubaridi.

Ukingoni mwa ziwa dereva hukutana na hatari ambayo haikuwako mlimani. Giaboksi na difu zina kipumulio, yaani tundu dogo linalotoa hewa inapotanuka kwa joto. Lori lililotoka safari ndefu, giaboksi yake ikiwa ya moto, likiingizwa ghafla katika maji ili kusogea karibu na boti, hewa ya ndani hupoa na kunywea. Inaponywea huvuta, na ikivuta chini ya maji, huvuta maji. Kwa hiyo gari lipumzishwe kwanza, na kipumulio kiunganishwe kwa mpira hadi juu ya boneti. Mafuta yaliyoingia maji hutambulika upesi: ya gia hugeuka rangi ya maziwa ya chai, na yale mekundu hugeuka rangi ya waridi. Rangi hiyo ya waridi ikionekana kwenye gari ambalo halikuingia majini, basi yamkini kipoza kimetoboka ndani ya rejeta, na maji yamechanganyika na mafuta. Gari hilo lisiendeshwe hata kurudi kambini.

Kutoka hapo mzigo huhamia botini. Na ni jambo la kuvutia kwamba mashine ya boti nayo ina giaboksi, imefichwa chini kabisa karibu na panga, na yenyewe huwa na oili yake ya gia. Lakini mashine hiyo imejaliwa neema ambayo lori limenyimwa. Giaboksi yake imezama katika maji ya Kivu, yenye joto la nyuzi 24 hivi juu juu, na injini yake huyanywa maji hayo na kuyatema. Nahodha mwangalifu huutazama uzi wa maji unaoruka kando ya mashine; uzi huo ukikatika, huzima mara moja. Ziwa zima ni rejeta yake. Lori halina ziwa. Lina upepo kidogo, mapezi membamba na akili ya dereva.

KISIWANI, NA JIKONI

Nkombo ni kisiwa cha sambaza. Samaki hawa wadogo si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo ndio riziki ya watu wengi kandokando ya ziwa. Jioni wavuvi hutoka na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, taa zikiwaka juu ya maji, nyimbo za kupigia kasia zikisikika mbali.

Mama akaangaye sambaza anaijua siri ambayo madereva wengine hawajaijua. Mafuta mapya ya kukaangia ni meupe, na hunukia vizuri. Akiyatumia mara nyingi katika moto mkali, hugeuka meusi, huwa mazito, hunuka, na samaki hunasa chini. Hatamdanganya mtu kwamba mafuta hayo ni mazuri kwa kuwa karai bado limejaa. Basi ndivyo yalivyo mafuta ya giaboksi. Kijiti kichomolewe, tone lidondoshwe juu ya kitambaa cheupe. Jekundu na safi ni jema. La kahawia limechoka. Jeusi lenye harufu ya kuungua na chembechembe linaeleza kwamba sahani za ndani zinakwisha. Na kwa kuwa giaboksi haili mafuta kama injini, kiasi kikipungua ni lazima pawe na mahali panapovuja. Kuongeza tu bila kutafuta ni kujaza pakacha.

Mafuta ya otomatiki hupimwa gari likiwa mahali tambarare, likiwa limepata moto, injini ikinguruma, na gia ikiwa pale kitabu kinaposema. Yasizidishwe, kwani yakifikia sehemu zinazozunguka hutoa povu, na povu halipozi wala halisukumi. Ya giaboksi ya klachi hupimwa injini ikiwa imezimwa: nati ya ubavuni hufunguliwa, na mafuta yanapaswa kufikia ukingo wa tundu. Tena, kitabu cha gari huwa na safu mbili za muda wa kubadilisha, ya kazi ya kawaida na ya kazi nzito. Mlima, matope, vumbi na mizigo ni kazi nzito. Mwenye gari la familia lililotoka Japani hali limekwisha tumika, akakaa nchi ya milima, naye asome safu ya pili.

Limebaki jambo la ziwa lenyewe. Mafuta machafu yakimwagwa ufukweni huenea juu ya maji kama utando, yakawafikia samaki, nyavu na ndoo za wachota maji. Yawekwe katika debe lenye kifuniko yakarudishwe gereji. Aliyeokoa giaboksi akachafua ziwa hajaokoa kitu.

KWA NINI YOTE HAYA?

Jumapili tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi liliipiga Bukavu na wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Majengo yalianguka na watu wakapoteza maisha. Katika siku ya namna hiyo, mbali na ndege chache ziwezazo kutua Kamembe, njia za msaada ni za kuhesabu: ile ya Nyungwe, ile iambaayo ziwa kutoka Karongi, na kwa mtu wa kisiwani, baada ya hizo, maji. Lori lililokufa giaboksi katikati ya kona za msitu haliwi tatizo la dereva peke yake. Huwa kizuizi kwa wote walio nyuma yake, na ukimya kwa wote wanaongoja mbele.

Kinga yake si fedha nyingi. Ni kusoma kibati, kutia mafuta yaliyoagizwa, kukwangua tope, kufungua kijiti kila juma, kushusha gia mapema, na kuwa na subira ya dakika chache kabla ya kuingia majini. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Kwenye njia ya Nkombo, mwenda pole hufika na mzigo wake, na mama mgonjwa aliyeko ng'ambo hupata dawa yake jioni ile ile.